Mguu Uliovunjika Bila Kuanguka: Kisa cha Mkimbiaji wa Goma Katika Hali ya Dharura ya 2020

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu msichana aliyekuwa na umri wa miaka 19, mkimbiaji wa mita 800 na mita 1500 katika klabu ndogo ya riadha mjini Goma, ambaye mfupa wa muundi wa mguu wake wa kulia ulipata ufa kati ya Mei na Juni 2020 bila yeye kuanguka, kugongwa wala kujikwaa. Nilimpokea mimi, kine kama tunavyoitwa hapa mjini sisi tunaotibu viungo na misuli kwa mazoezi, na nikaendelea kumfuatilia kwa karibu mwaka mzima. Jina lake, mtaa wake, klabu yake na kituo alikotibiwa nimeviacha, na mambo mawili matatu ya familia nimeyabadilisha kwa namna isiyogusa tiba. Yeye na mama yake walinisikiliza nikiwasomea maandishi haya, wakaniomba niondoe sentensi moja, wakaridhia zilizobaki.

Nimekichagua kwa sababu kinakwenda kinyume na habari nyingi za majeraha ya miguu ya kipindi kile cha korona. Tulizoea kusikia juu ya wachezaji waliokaa bure kwa miezi kisha wakarudi uwanjani kwa pupa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mwaka 2011, ambako wachezaji walifungiwa nje ya klabu zao kwa sababu ya mgogoro wa mkataba, na katika siku 29 za kwanza za kurudi mazoezini wachezaji 12 wakakatika kano ya kisigino. Ligi ya Ujerumani iliporejea tarehe 16 Mei 2020 hofu ilikuwa ileile, na wasimamizi wa sheria za soka walikuwa wamekwisha kuruhusu timu kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu. Mkimbiaji wetu hakukaa bure hata wiki moja. Alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake, na mguu ukamshinda katikati ya zuio lenyewe, kabla hakujawa na uwanja wa kurudia.

Hali ya mji na ya nyumba

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Rais alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko, michezo ikiwemo, na tarehe 24 Machi ikatangazwa hali ya dharura iliyorefushwa mara kadhaa hadi Julai. Goma haikufungwa nyumba kwa nyumba kama ilivyofungwa Gombe kule Kinshasa kuanzia tarehe 6 Aprili. Mtu aliweza kutoka, kwenda sokoni, hata kukimbia peke yake alfajiri. Kilichofungwa ni uwanja, shule na mpaka.

Mpaka ndio unaohitaji maelezo. Kabla ya Machi, makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kwa miguu pale Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, wengi wao akina mama wenye mizigo kichwani. Mama wa mkimbiaji huyu alikuwa mmoja wao. Alivuka asubuhi na beseni tupu, akarudi na nyanya, karoti na maziwa, akauza jioni, na faida ya siku ndiyo iliyokuwa chakula cha siku, kwa watu saba. Rwanda ilipofunga mipaka yake mwezi Machi, ikiacha mizigo ya malori tu ipite, kazi hiyo ilikwisha kati ya jioni na asubuhi.

Lipo jambo la pili ambalo msomaji wa mbali anaweza asilielewe. Goma ilikuwa bado ndani ya kipindi cha Ebola. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola mjini alithibitishwa Julai 2019, na mlipuko ule wa mashariki mwa nchi haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Kwa hiyo kunawa mikono na kupimwa joto mlangoni hakukuwa kugeni kwetu, lakini hata woga wa kwenda kituo cha afya haukuwa mgeni. Watu waliamini kwamba ukiingia na maumivu ya mguu na joto lako likapanda kidogo, utazuiliwa kwa sababu nyingine kabisa. Woga huo ulichelewesha matibabu ya msichana huyu kwa wiki kama nne.

Mfululizo wa matukio

Hadi katikati ya Machi klabu ilifanya mazoezi mara nne kwa wiki katika uwanja wa udongo, na kwa hesabu ya kocha kila mkimbiaji wa mbio za kati alitimiza takriban kilomita 40 kwa wiki. Uwanja ulipofungwa, kocha alianza kutuma maagizo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwenye simu ya kaka wa msichana, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na simu. Maagizo yalikuwa mbio za pekee asubuhi tano kwa wiki na kuruka kamba jioni ndani ya kiwanja cha nyumba, kamba ambayo huyu aliirukia juu ya saruji kwa sababu sehemu nyingine yote ya kiwanja ni makoro, yale mawe meusi ya volkano ambayo Goma imejengwa juu yake.

Mengi ya yaliyofuata nayajua kutokana na daftari lake la shule, lenye jalada lililochanika, ambalo aliendelea kuandika ndani yake ingawa hakuna aliyemwagiza. Kila siku ina mstari mmoja: njia aliyopita, muda, na neno moja juu ya mwili. Aprili mwanzoni neno hilo ni «muzuri» karibu kila siku. Kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa na hakuwa na kitu kingine cha kufanya, aliongeza asubuhi ya sita, kisha akaongeza umbali. Nilipojumlisha njia zake nikitumia ramani, wiki ya kwanza ya Mei ilitoa kilomita 65 hivi. Daftari halikuonyesha mizigo ya maji. Kila siku alishuka ziwani mara mbili na bidoni, dumu la maji la lita 20, akapanda nayo mgongoni. Mzigo huo haukuwahi kuandikwa kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, «ile si mazoezi».

Katika wiki ya pili ya Mei liliandikwa kwa mara ya kwanza kwamba muundi wa kulia unauma mwanzoni mwa mbio na kuacha mwili unapopata joto. Wiki iliyofuata aliandika kwamba hauachi tena. Kocha alipoelezwa kwa simu alimshauri apunguze mwendo lakini asisimame, na kaka akanunua vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, katika duka la dawa la mtaani, vinne vinne kwa siku ambazo pesa ilipatikana. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto na chumvi.

Tarehe 2 Juni mama alimpeleka kwa bibi mmoja wa mtaa anayejulikana kwa kuunga mifupa. Nakiri kwamba nilipoanza kusikia sehemu hii ya habari nilitarajia mabaya, maana nimewahi kupokea miguu iliyokandwa hadi ikavimba mara mbili. Bibi huyu alipitisha kidole gumba juu ya muundi polepole, akasimama mahali pamoja, akabonyeza, msichana akaruka. Bibi akaondoa mkono. «Hapa sikandi. Mufupa hauko muzima. Mwache akae.» Alikataa hata malipo. Ushauri huo ulikuwa sahihi kuliko wa kocha, kuliko wa duka la dawa, na ninavyojijua, labda hata kuliko ambao ningeutoa mimi siku hiyo bila vipimo.

Haukufuatwa. Tarehe 9 Juni kocha alipanga jaribio la kilomita tatu, kila mwanariadha akimbie peke yake na kutuma muda wake kwenye kundi, ili klabu ijue nani yuko tayari siku viwanja vitakapofunguliwa. Msichana alimeza vidonge viwili asubuhi, akakimbia, akatuma muda ulio bora wa tatu katika kundi zima. Jioni hakuweza kwenda chooni bila kushika ukuta. Alifika kwangu tarehe 15 Juni, akiegemea bega la kaka yake, barakoa ya kitenge ikiwa imelowa jasho.

Maamuzi na sababu zake

*Kutibu kama mfupa uliovunjika ingawa picha ni safi.* Maumivu ya muundi kwa mkimbiaji huwa na sababu mbili za kawaida zinazofanana mwanzoni. Ya kwanza ni uvimbe wa utando unaofunika mfupa, ambao huuma katika eneo refu, zaidi ya upana wa vidole vitatu, na mara nyingi hupoa kwa kupunguza mbio. Ya pili ni ufa wa uchovu, ambao huuma katika sehemu moja ndogo, huuma hata usiku mtu akiwa amelala, na huamka kwa ukali mtu akiruka kwa mguu mmoja. Nilibonyeza ukingo wa ndani wa muundi kuanzia chini ya goti. Maumivu yalikuwa katika eneo lisilozidi vidole viwili, pale theluthi ya kati inapokutana na theluthi ya chini. Kisha nikamwomba aruke mara moja tu juu ya sakafu. Aliinua mguu wa kushoto, akaniangalia, akaurudisha chini. Sikuhitaji aruke.

Radio, yaani picha ya eksirei, iliyopigwa kesho yake haikuonyesha kitu. Familia ilifurahi, na kocha akatuma ujumbe wa pongezi. Hapo ndipo kisa kingeweza kupotea kwa mara ya pili, kwa sababu ufa wa aina hii kwa kawaida hauonekani kwenye radio katika wiki mbili au tatu za mwanzo, na kinachokuja kuonekana baadaye si ufa wenyewe mara nyingi, ni mfupa mpya unaojengwa kuuzunguka. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ingeuonyesha mapema, lakini gharama yake ilikuwa nje kabisa ya uwezo wa watu hawa. Tuliamua kuamini kidole kuliko picha, na kupiga radio ya pili baada ya wiki tatu. Mahali pa ufa palitusaidia pia. Ukingo wa ndani wa nyuma wa muundi hupona vizuri kwa kupumzishwa. Kama maumivu yangekuwa mbele, kwenye ule ukingo unaogonga meza, ningempeleka kwa daktari wa mifupa siku ileile, kwa sababu ufa wa hapo ni mgumu kuunga na unaweza kukatika kabisa.

*Magongo badala ya plasta.* Kwa wiki mbili alitembea kwa magongo bila kuukanyagia mguu uzito wote. Plasta ingemlinda dhidi ya hamu yake mwenyewe ya kukimbia, na mama aliiomba kwa sababu hiyohiyo, lakini ingedhoofisha misuli ya shavu la mguu ambayo ndiyo ingehitajika baadaye kuupunguzia mfupa kazi. Diklofenaki tuliisimamisha. Bado wataalamu wanabishana iwapo dawa za kundi hilo huchelewesha mfupa kuunga, nami sikuiondoa kwa hoja hiyo peke yake. Niliiondoa kwa sababu ilimfanya asisikie onyo la mguu wake. Parasetamoli ilitosha kwa usiku.

*Kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza.* Mizani ilisoma kilo 47. Mwezi Februari, katika karatasi za klabu, alikuwa na kilo 52. Nilipoona hivyo nilimwomba mwenzangu, muuguzi wa kike, azungumze naye peke yake, mimi na kaka tukatoka nje. Siku zake za mwezi zilikuwa zimekoma tangu Machi. Hakumwambia mtu, na muuguzi alipomuuliza kama hilo halikumtia wasiwasi, alijibu kwamba aliona ni nafuu, kwa kuwa pedi zilikuwa zimepanda bei na asingethubutu kumwomba mama pesa. Kipimo cha mimba kilifanywa, hakukuwa na mimba. Chakula cha nyumbani kilikuwa mlo mmoja wa jioni, fufu, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta mengi, na yeye akiwa dada mkubwa alikuwa akiwapunguzia wadogo zake sehemu ya sahani yake.

*Fedha za viatu.* Wenzake wa klabu walikuwa wamechanga dola 45 ili anunuliwe viatu vipya vya kukimbilia, kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba makoro na viatu vilivyokwisha soli ndivyo vilivyomvunja. Niliomba fedha hizo zinunue chakula. Kocha alikataa, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kwamba watu walichanga kwa ajili ya kitu kinachoonekana, na kwamba akiwaambia zimeliwa hatawapata tena siku nyingine. Tulibishana siku mbili. Tulichokubaliana ni kwamba klabu iulizwe, na klabu ilijibu ndani ya saa moja, mtu baada ya mtu, kwa ujumbe mfupi: ale.

Lakini chakula kinachoingia nyumbani huliwa na nyumba. Kupeleka unga na maharagwe kwa mama mwenye watoto watano kisha kumtaka ampe mmoja tu ni kumtaka asiwe mama. Mke wa kocha ndiye aliyepata njia. Msichana angefika kwake kila asubuhi saa nne «kwa mazoezi ya mguu», ambayo kweli aliyafanya, na baada yake angekunywa uji wa soya na mahindi bakuli mbili, na kula sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wakavu waliokaangwa kidogo, wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na parachichi. Sambaza ni chakula cha kawaida cha Ziwa Kivu, na kwa mfupa unaojiunga ni vigumu kupata kitu bora zaidi kwa bei ile, kwa kuwa kalsiamu iko ndani ya mifupa yao midogo na protini iko katika nyama. Alikula nje, uani, mbali na wengine, baada ya kunawa. Kazi ya maji ilihamia kwa kaka zake wawili.

Siku muuguzi alipomweleza mama uhusiano wa chakula na mguu, mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, «Kwa hiyo ni mimi nilimuvunja?» Muuguzi alimjibu, «Hapana mama. Mpaka ulifungwa. Wewe uligawa kilichokuwepo.» Nimeiacha habari hii kwa sababu mama mwenyewe alitaka ibaki.

Matokeo

Radio ya tarehe 8 Julai ilionyesha kivuli cha mfupa mpya mahali palepale kidole kilipoonyesha. Siku mbili baadaye alikuwa akitembea bila magongo na bila maumivu. Mpango ulikuwa atembee kawaida kwa wiki mbili nzima bila kuumia ndipo aanze kuchanganya kutembea na kukimbia.

Hali ya dharura iliondolewa tarehe 22 Julai na shughuli zikaanza kurudi kwa awamu. Jumamosi ya wiki hiyo wenzake walikutana kupanda Mlima Goma, naye akaenda kuwatazama. Hakutazama. Alipanda nao mara tatu na kushuka mbio. Maumivu yalirudi usiku, akakaa siku nne bila kuniambia, na tukapoteza wiki tatu. Mbio za kuchanganya zilianza tarehe 17 Agosti badala ya mwisho wa Julai: dakika moja ya kukimbia taratibu kwa dakika nne za kutembea, siku moja ya kukimbia na siku moja ya kupumzika, na hakuna kuongeza kitu wiki ambayo muundi umeuma hata kidogo. Mwanzoni mwa Oktoba aliweza kukimbia dakika 30 bila kusimama. Mwezi huohuo siku zake zilirudi, mizani ikasoma kilo 51. Desemba, katika jaribio la klabu la mita 1500, alikuwa nyuma ya muda wake wa Februari kwa sekunde 4.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kutoiamini radio safi. Nasisitiza hili kwa wenzangu wanaofanya kazi mahali pasipo na vipimo vikubwa, kwa kuwa picha isiyoonyesha kitu huwa na nguvu ya ajabu juu ya familia, na hata juu yetu. Daftari lilisaidia kuliko nilivyotarajia. Bila lile, mimi pia ningeamini habari ya makoro.

Habari ya makoro inastahili kuchambuliwa, kwa kuwa kila mtu mjini aliikubali bila swali. Ni kweli mguu unaokimbia hubeba mara mbili au tatu ya uzito wa mwili kila unapokanyaga, na kwa hatua 160 au zaidi kwa dakika, asubuhi moja ya mbio ni maelfu ya mapigo. Ni kweli pia kwamba makoro hugeuza kifundo, nami nimetibu vifundo vingi vya aina hiyo. Lakini mwili wa mkimbiaji hulegeza au kukaza mguu kulingana na ardhi anayoikanyaga, na watoto wa Goma hukimbia juu ya mawe hayo tangu wanajifunza kutembea bila kuvunjika miundi. Kinachoumiza zaidi ya ugumu wa ardhi ni mabadiliko ya ghafla. Yeye alihama kutoka udongo kwenda lami, mawe na saruji katika wiki moja, akaongeza kilomita kwa zaidi ya nusu katika wiki tano, akaongeza kamba juu yake, na kilo 20 za maji mgongoni mara mbili kwa siku.

Mfupa hauogopi kazi. Unapopigwa na mzigo mpya, kwanza hujila: chembe maalumu huondoa sehemu iliyochoka kwa muda wa wiki kama tatu, kisha nyingine huja kujenga upya, na ujenzi huo huchukua miezi. Kati ya kubomoa na kujenga kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi, na kipindi hicho huangukia karibu na wiki ya nne hadi ya sita ya mzigo mpya. Mazoezi yake mapya yalianza mwisho wa Machi na kuongezeka Aprili nzima, na maumivu yaliandikwa Mei. Kocha angeweza kutabiri tarehe.

Hata hivyo wenzake kumi na mmoja walipata maagizo yaleyale, na wanne kati yao walitimiza kilomita zinazokaribia zake. Hakuna mwingine aliyevunjika. Tofauti iko kwenye sahani. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko unazopata huanza kuzima kazi unazoweza kuishi bila hizo, na kwa msichana, hedhi huwa miongoni mwa za kwanza. Hedhi ikizimwa, homoni ya estrojeni hushuka, na homoni hiyo ndiyo inayozuia wale wabomoaji wa mfupa wasizidishe. Kwa hiyo upande wa kubomoa ulipata ruhusa, upande wa kujenga ukakosa saruji. Madaktari wa michezo wamelijua jambo hili tangu miaka ya 1990, walipounganisha kula kidogo, kukoma kwa hedhi na udhaifu wa mifupa kuwa tatizo moja la wanariadha wa kike, na mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipanua kuwahusu wanaume pia. Maandishi mengi hulieleza kupitia wasichana wanaojinyima kula ili wawe wepesi. Hapa hakuna aliyejinyima kwa ajili ya wepesi. Ni beseni lililokosa kuvuka mpaka.

Kocha alikosea, lakini ningependa kosa lake lielezwe sawasawa. Alituma mpango mmoja kwa watu kumi na wawili ambao hakuwaona kwa miezi miwili na nusu. Uwanjani alikuwa akiwatazama wanavyotembea wakiingia. Kwa simu alikuwa akipokea namba tu. Namba za msichana huyu zilikuwa nzuri hadi siku aliyoshindwa kusimama, na ndiyo maana jaribio la tarehe 9 Juni lilimdanganya kila mtu. Kosa kubwa lilikuwa kusikia neno «unauma» na kujibu kwa kupunguza mwendo, wakati maumivu ya mfupa yanahitaji kusimama kabisa kwanza na kuuliza baadaye. Kocha mwenyewe aliponisomea ujumbe wake wa Mei, alisimama katikati na kuzima simu.

Kwa upande wangu, nilishindwa katika jambo moja lililotugharimu wiki tatu. Nilimpa ratiba ya kurudi bila kumwambia waziwazi kwamba siku maumivu yanapokwisha, mfupa bado haujapona. Nilimwambia mama, nikamwambia kocha, nikamwandikia kaka. Yeye, ambaye miguu ilikuwa yake, nilimwambia tu tarehe. Mtu wa miaka 19 aliyefungiwa miezi minne akiona wenzake wanapanda Mlima Goma, tarehe kwenye karatasi haina nguvu. Tangu hapo humwonyesha mgonjwa radio ya pili, nikimwekea kidole kwenye kivuli, na kumwambia kwamba kile ni udongo mbichi.

Jambo ambalo bado silijui vizuri ni uzito wa maji katika kisa hiki. Nikiyaondoa katika hesabu, mbio na njaa vinatosha kueleza ufa. Nikiyaweka, yanaongeza kupanda na kushuka kwenye mteremko kila siku bila siku ya mapumziko hata moja, pamoja na zile Jumapili ambazo daftari linasema «repos», yaani mapumziko. Hakuna mpango wa mazoezi niliowahi kuuona hapa mjini wenye nafasi ya kuandika bidoni. Fomu yangu sasa inayo, mstari wa tatu, kabla ya viatu, na mstari wa nne ni milo ya jana. Swali la hedhi linaulizwa na muuguzi, mlango ukiwa umefungwa.

Taarifa ya Mei 2021

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Familia hii iliondoka kwa miguu kuelekea Sake pamoja na maelfu ya wengine, zaidi ya kilomita 20 za lami, yeye akiwa na mdogo wake wa mwisho mgongoni na godoro likiwa juu ya kichwa cha kaka. Alinipigia simu siku ya pili kutoka huko, kwa simu ya mtu, kuniuliza kama ni kawaida nyayo kutoa malengelenge kwa kutembea. Nilimuuliza muundi wa kulia unasemaje. Alisita kidogo, kana kwamba ilimbidi akumbuke ni upi.